Nyufa za Jua

1

Gari lilipofika kilomita sifuri ya barabara ya Itumbwe lilipunguza mwendo, likasimama mbele ya kizuizi cheupe, likazima.

"Barabara hii imefungwa kwa Sheria ya Uhai," lilisema kwa sauti yake ya upole. "Maisha yaliyobaki ni miaka mitatu na miezi miwili. Siwezi kuendelea mbele."

Ndani alikuwemo mwanamke mmoja tu, Mhandisi Nyemo Chilongola, na maneno hayo aliyafahamu kuliko mtu yeyote nchini. Yeye ndiye aliyeyaandika. Miaka kumi na mmoja iliyopita alikuwa amebuni Kadiri, programu iliyosoma vihisi vilivyozikwa ndani ya lami na kutabiri kila barabara itakufa lini. Serikali ikaitungia sheria: barabara iliyobakiwa na chini ya miaka mitano haitengenezwi tena, na magari yanayojiendesha, ambayo kwa sasa ndiyo karibu magari yote, hayaruhusiwi kuikanyaga. Nyemo alikuwa ameyasikia maneno yale mara nyingi maabara, akiwa na kikombe cha kahawa mkononi. Hakuwahi kuambiwa yeye.

"Nifungulie mlango," alisema.

"Nje kuna joto la nyuzi thelathini na tisa. Hakuna kivuli wala huduma ndani ya kilomita arobaini. Unashauriwa kubaki—"

"Fungua."

Alishuka na mkoba wake. Gari likageuka, likarudi lilikotoka bila kusubiri kuagwa.

Ng'ambo ya kizuizi kulikuwa na lori kuukuu lenye usukani, la aina ambayo Nyemo hakuwa ameiona tangu utotoni. Mwanamke wa makamo, mfupi, mwenye mabega mapana, alikuwa ameegemea bodi akimtazama. Huyo ndiye Perusi Ntandu, fundi wa lami wa Itumbwe. Wiki iliyotangulia alikuwa amempelekea Nyemo sanduku lenye kigogo cha lami kilichokatwa na keekee, mashine ya kutobolea, na kufungwa kwa kitambaa cha khanga, pamoja na barua ya mistari miwili: "Mhandisi, mmesema barabara yetu ni maiti. Nakuletea kipande cha maiti, mpime mwenyewe."

Nyemo alikuwa amekipima. Baada ya hapo hakulala vizuri.

"Shikamoo, Mama Ntandu."

"Marahaba." Perusi alimtazama tangu viatu hadi kichwani. "Ndiwe wewe? Nilidhani mtu anayefunga barabara atakuwa na umbo kubwa kidogo. Panda, tumechelewa. Jua likizidi, injini hii inachemka."

2

Walisimama kilomita ya ishirini na mbili. Kulia na kushoto nyika ilikuwa imekauka hadi kuwa rangi ya majivu, na katikati yake barabara ilinyooka mpaka ikapotelea kwenye mawimbi ya joto. Uso wake ulikuwa umepasuka vipandevipande, kama tope la bwawa lililokauka. Mtu yeyote aliyesoma uhandisi pwani au milimani angeiangalia mara moja na kutikisa kichwa. Nyemo naye alikuwa ameiangalia kwa njia hiyo, kupitia vihisi, akiwa umbali wa kilomita mia sita.

Perusi alishusha keekee yake, akaifunga kwenye mguu wa chuma, akamimina maji ya kupoza. Mashine ikanguruma. Baada ya dakika nne alitoa kigogo cheusi, kirefu kama kiganja, akakiweka juu ya bodi la lori. Nyemo alikichukua akakigeuza. Ufa ulianzia juu, ukashuka kwa upana wa kidole gumba, ukaishia hapo. Chini ya ufa lami ilikuwa nyeusi, nzima, inayong'aa.

"Toboa pengine," alisema.

Walitoboa mahali sita. Kila mara ufa ulianzia juu na kila mara ulikata tamaa kabla ya kufika robo ya kina. Katika shimo la sita Nyemo alilala kifudifudi juu ya lami iliyomchoma tumbo, akaingiza mkono, akagonga chini kwa patasi. Kifusi cha msingi kililia kama kengele. Kilikuwa kikavu na kigumu kama siku kilipomwagwa.

Akaketi palepale barabarani.

"Niambie unachokiona," Perusi alisema. "Mimi nimekiona miaka thelathini, lakini sina maneno yenu."

"Kule kwenye mvua nyingi, barabara hufa kuanzia chini," Nyemo alisema. "Maji huingia kwenye msingi, msingi ukalainika, lami ikawa inapinda kila gurudumu likipita. Inapasuka upande wa chini, ufa unapanda. Ukiuona juu, ujue ndani kumeshaoza. Ndivyo Kadiri ilivyojifunza: ukiona ufa, hesabu kwamba chini hakuna kitu."

"Na huku?"

"Huku hakuna maji. Jua ndilo linalokausha mafuta yaliyomo kwenye lami. Ngozi ya juu inakuwa ngumu. Mchana inatanuka, usiku inasinyaa, mwisho inachanika yenyewe. Lakini ni ngozi tu, Mama Ntandu. Mwili ni mzima." Alipitisha kidole juu ya ufa wa lami. "Ukitazama kwa juu, ufa wa jua na ufa wa maji vinafanana. Vihisi vyetu viko karibu na uso. Vinausikia ufa, havijui umetoka wapi."

"Hiyo Kadiri yenu mliifundishia barabara gani?"

Hilo ndilo swali ambalo Nyemo alikuwa amelisubiri tangu asubuhi. "Kilomita elfu tisa. Za nyika zilikuwa thelathini na moja. Kumbukumbu za huku zilikuwa chache, na mimi nilikuwa na haraka ya kumaliza."

Perusi alifuta keekee kwa tambara, taratibu. "Kwa hiyo mlijifunza ugonjwa wa watu wengine, mkaja kututangazia sisi kifo."

"Ndiyo."

"Inatosha kuzibwa, si ndiyo? Lami nyepesi juu, mchanga, basi. Nimeomba pipa la lami tangu mwaka juzi. Najibiwa barabara iliyofungwa haitengenezwi."

Nyemo alitazama magharibi, ambako anga lilikuwa tupu, jeupe kwa joto. Mvua za nyika hazikuwa nyingi, lakini zilipokuja zilimwagika zote kwa pamoja. Zikizikuta nyufa hizi ziko wazi, maji yangeshuka hadi kwenye msingi, na baada ya misimu miwili au mitatu barabara ingekufa kweli, tarehe ileile iliyotajwa na Kadiri. Watu wangesema mashine ilijua.

"Tunaifunga kwa sababu itakufa," alisema polepole, "na inakufa kwa sababu tumeifunga."

"Sasa umefika," Perusi alisema. "Mvua zimebakiza wiki tano au sita. Lakini mhandisi, sisi si wa kwanza. Mpalangwe mliifunga. Isuvilo mliifunga. Chigomba ina miaka minne sasa." Akafunga bodi la lori kwa kishindo. "Dada yangu yuko Chigomba."

3

Kwa siku mbili Nyemo alifanya kazi ndani ya stoo ya kambi ya barabara, katikati ya mapipa na majembe, feni ikimpulizia vumbi. Aliichambua Kadiri kama mtu anayefumua nguo aliyoishona mwenyewe. Aliiongezea joto la kila siku la miaka ishirini, tofauti ya usiku na mchana, ukavu wa msingi na umri wa lami juani. Aliipa vigogo vyote ambavyo Perusi alikuwa amevikata na kuvitunza, mia mbili na kumi na nne, kila kimoja kikiwa na tarehe na kilomita vilivyoandikwa kwa rangi nyeupe. Hakuna chuo kilichokuwa na hazina kama ile.

Siku ya pili, saa tisa alasiri, Kadiri mpya ilitoa jibu. Itumbwe, ikizibwa kabla ya mvua: miaka kumi na tisa. Mpalangwe: kumi na sita. Isuvilo: kumi na mitano. Chigomba: kumi na miwili.

Nyemo alilisoma jina la mwisho mara tatu. Kisha akampigia mkubwa wake.

Fulgensi Rwechungura, Mkurugenzi wa Idara ya Uhai wa Barabara, alisikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Uso wake kwenye kioo cha simu ulikuwa wa mtu aliyezeeka ghafla.

"Una hakika?" aliuliza.

"Nina hakika, Mkurugenzi."

"Basi Itumbwe tunaifungua kesho. Andika kwamba vihisi vilikuwa vibovu. Vihisi huharibika, kila mtu anajua."

"Na zile tatu?"

Rwechungura alivua miwani. "Nyemo, unakumbuka mteremko wa Kisaka? Kadiri iliufunga Jumanne. Watu walitutukana redioni wiki nzima. Alhamisi ya pili mlima ukashuka na barabara yote, na hakukuwa na hata baiskeli moja juu yake. Kabla ya Kadiri, mimi nilichimbua watu kwenye tope la aina hiyo kwa mikono yangu. Kumi na saba." Akavaa tena miwani. "Mvua za milimani zimeshaanza. Leo tukisimama tukasema Kadiri ilikosea, kila halmashauri yenye barabara iliyofungwa itakimbilia mahakamani, na mahakama itafungua hata zile zinazoporomoka. Unataka kufungua vijiji vitatu uje uzike mia tatu?"

Kilichomuumiza Nyemo ni kwamba mtu huyu hakuwa akijitetea, na alichosema kilikuwa kweli.

"Nipe hadi Alhamisi," alisema.

Alipotoka stoo alimkuta Perusi amekaa kwenye ngazi ya lori. Ni wazi alikuwa amesikia yote, na wala hakujifanya hakusikia.

"Nipeleke Chigomba," Nyemo alimwambia.

Waliondoka asubuhi ya kesho yake, safari ya kilomita sabini, na ishirini na saba za mwisho zilikuwa za barabara ambayo hakuna gari lililokuwa limeipita kwa muda mrefu. Majani makavu yalikuwa yameota pembeni ya lami, lakini katikati lori lilikwenda bila kuyumba. Nyemo alihesabu vibao vya kilomita.

Chigomba ilikuwa imebakiwa na kaya kumi na moja kati ya tisini. Shule ilikuwa na kufuli. Melania, dadake Perusi, alikuwa mwalimu mkuu wake wa mwisho, na bado aliishi katika nyumba ya mwalimu, mkabala na uwanja uliojaa magugu. Alimkumbatia mdogo wake. Mkono wa Nyemo aliutazama, akauacha hewani.

"Namjua," alisema. "Nilimwona kwenye picha siku ya kufungwa."

"Mwalimu," Nyemo alisema, "nimekuja kukwambia kwamba hesabu iliyofunga barabara yenu ilikuwa yangu, na ilikosea. Barabara hii ilikuwa nzima. Hata leo bado ni nzima."

Melania hakulia wala hakupiga kelele. Aliingia ndani, akatoka na kiti kimoja, akakaa yeye.

"Mume wangu alishikwa na tumbo mwaka wa pili," alisema. "Gari la wagonjwa lilikuja mpaka kizuizini, likasimama. Tukambeba kwenye machela. Kilomita ishirini na saba. Wanaume walikuwa wamebaki wanne tu, wakapokezana na sisi wanawake. Kilomita ya kumi na tisa akatuambia tumshushe apumzike." Alinyoosha khanga magotini. "Nilikuwa najiambia, vyema, barabara ilikuwa imekufa, hakuna wa kulaumiwa. Umeniondolea hata hilo."

"Nisamehe," Nyemo alisema.

"Mimi umeniambia nikiwa peke yangu, uani kwangu. Mlipotufunga mlitangaza nchi nzima." Melania aliinuka. "Nenda ukatangaze nchi nzima. Halafu ndiyo uje tuzungumze habari ya kusamehe."

Njiani kurudi Nyemo alimpigia Rwechungura kabla hata hawajafika Itumbwe.

"Nitaliambia Baraza lote, hadharani," alisema. "Kosa, sababu yake, na mipaka yake. Lakini sitaki waniamini kwa maneno. Naomba waje hapa na keekee. Wachague mahali popote wapendapo. Mimi nitaandika kabla hawajatoboa watakuta nini."

Mkurugenzi alisogea karibu na kioo.

"Ukikosea shimo moja," Rwechungura alisema, "umeua Kadiri ya nyika na ya milimani kwa siku moja."

"Najua."

4

Baraza la Barabara lilifika Itumbwe siku ya tisa tangu Nyemo afike, wajumbe watano pamoja na Rwechungura na waandishi wa habari, katika magari yaliyopewa kibali maalumu cha kuvuka kizuizi. Mwenyekiti alikuwa Bi. Zubeda Mkwizu, jaji mstaafu aliyekuwa na sifa ya kutocheka kazini. Watu wa Itumbwe walikuwa wamejipanga pembeni ya barabara tangu asubuhi, na ingawa hakuna aliyewaagiza kuleta ngoma, walikuwa wamekuja nazo na kuziweka chini kimyakimya, wakingoja waone.

Bi. Mkwizu alitandaza ramani juu ya boneti, akachomoa kalamu, akaweka alama kumi bila kumwuliza mtu. Akampa Nyemo. Nyemo alikaa ndani ya lori na mashine yake kwa dakika ishirini, akaandika namba kumi kwenye karatasi, akaifunga ndani ya bahasha, akamkabidhi.

"Kabla hamjatoboa," alisema, na waandishi wakasogeza vinasa sauti, "nina jambo la kusema. Naitwa Nyemo Chilongola. Nilitengeneza Kadiri. Niliifundisha kwa barabara za mvua, nikaiachia ihukumu barabara za jua, na sikumwambia mtu kwamba kuna tofauti, kwa kuwa mimi mwenyewe sikujisumbua kuitafuta. Mpalangwe, Isuvilo na Chigomba zilifungwa kwa kosa langu. Kuna watu walioteseka, na kuna aliyekufa. Kosa hili lina mpaka: liko kwenye nyika peke yake. Milimani na pwani hesabu ni sahihi, na atakayeondoa kizuizi kule kwa sababu ya maneno yangu ya leo atakuwa amenifanya niue mara ya pili. Sasa toboeni."

Perusi ndiye aliyeendesha keekee, mjumbe mmoja akimsimamia. Kigogo cha kwanza kilitoka. Bi. Mkwizu mwenyewe alishika rula.

"Ufa, milimita kumi na tisa," alisema. Akafungua bahasha, akatazama. "Ameandika kumi na nane."

Cha pili: ishirini na tatu, karatasi ikisema ishirini na mbili. Cha tatu: kumi na tano kwa kumi na tano, na mtu mmoja pembeni akapiga kigelegele, akanyamazishwa. Cha nne, cha tano, cha sita. Msafara ulikuwa ukisogea kilomita baada ya kilomita, na watu wakaufuata kwa pikipiki, kwa punda, wengine wakikimbia tu. Kufikia cha tisa hakuna namba iliyokuwa imepishana kwa zaidi ya milimita tatu.

Alama ya kumi ilikuwa kilomita ya sitini na moja. Bi. Mkwizu alitazama karatasi, akakunja uso, akamwonyesha Rwechungura. Mkurugenzi alimvuta Nyemo kando.

"Hapa umeandika ufa umepenya wote," alinong'ona. "Milimita mia. Nyemo, tisa zimetimia! Kwa nini unajiharibia? Juu panafanana kabisa na pengine."

"Kwa sababu ndivyo palivyo."

"Umewahi kupatoboa?"

"Sijawahi. Ila usiku vihisi vya hapa hupoa polepole kuliko vya jirani, na penye msingi mkavu haiwi hivyo."

Keekee ilishuka. Safari hii sauti yake ilikuwa tofauti, nzito, na Perusi aliinua kichwa kabla ya mtu mwingine. Alipovuta bomba, hakukutoka kigogo. Vilitoka vipande vitatu, na nyuma yake kifusi chenye unyevu, kinachonata kama uji.

Kisha mzee mmoja mwenye ng'ombe akaita kutoka nyuma: "Si bomba la birika hilo! Linavuja tangu mwaka jana, nimelisema mpaka nimechoka!" Na kweli, hatua thelathini kutoka barabarani, chini ya birika la kunyweshea mifugo, ardhi ilikuwa nyeusi kwa maji yaliyokuwa yakijipenyeza kuelekea kwenye tuta.

Bi. Mkwizu alisimama juu ya lile shimo, kipande cha lami kilicholowa kikiwa mkononi.

"Zile tisa zingeweza kunifanya niseme huyu mama mhandisi anaipenda barabara hii," alisema hatimaye, kwa sauti iliyowafikia wote. "Hii ya kumi inaniambia anaijua. Baraza linaifungua barabara ya Itumbwe kuanzia sasa. Mpalangwe, Isuvilo na Chigomba zipelekewe vifaa leo hii, zizibwe kabla ya mvua, na kila familia iliyohama ielezwe kwa maandishi kosa lilikuwa nini na fidia yake ni ipi. Mhandisi Chilongola anaachia uongozi wa Kadiri wakati uchunguzi unaendelea. Mhandisi, una la kusema?"

"Naomba nipangiwe kazi kwenye kikosi cha kuziba."

Kwa mara ya kwanza siku hiyo mdomo wa jaji ulicheza kidogo. "Utakuwa chini ya nani?"

"Chini yangu," Perusi alisema, akiwa bado ameshika keekee.

Hapo ndipo ngoma zilipoinuliwa. Rwechungura alikuwa tayari ameshapanda juu ya bodi la lori na kipaza sauti mkononi, akizungumza moja kwa moja na redio ya taifa, jasho likimtiririka. "Nawaambia ndugu zangu wa milimani: mmemsikia mwenyewe akitaja kosa lake hadharani. Mtu anayetaja kosa lake namna hii, akikwambia usipite, usipite!" Alilirudia mara tatu, kwa lugha mbili, na usiku ule hakuna kizuizi hata kimoja kilichoondolewa milimani.

5

Walikuwa na siku ishirini na sita. Malori yalikuja kutoka mikoa mitatu, yenyewe, bila dereva, yakiwa yamebeba mapipa ya lami nyepesi. Perusi aliyapanga kama askari. Alfajiri walifagia nyufa kwa mabomba ya hewa, mchana lami ilipashwa na kumwagwa, kisha mchanga, kisha ikapita shindilia, mashine nzito ya kubana lami. Nyemo alijifunza kushika bomba la kumwagia. Viganja vyake vilitoka malengelenge, yakapasuka, yakawa sugu. Jioni alikuwa akinuka lami hata baada ya kuoga.

Itumbwe iliisha siku ya kumi. Isuvilo na Mpalangwe zilifanywa na vikosi vingine. Chigomba, kwa kuwa ndiyo ilikuwa imeharibika zaidi, Perusi aliichukua mwenyewe.

Watu walianza kurudi kabla kazi haijaisha. Familia moja ilishuka kutoka kwenye lori la mchanga na magodoro yao, kisha nyingine nne, na siku ya ishirini Nyemo alihesabu moshi wa mapishi kwenye nyumba thelathini. Kufuli la shule lilikatwa kwa msumeno kwa sababu hakuna aliyejua ufunguo uko wapi. Melania alikuwa akija kila asubuhi kusimama pembeni ya barabara na kutazama. Alimsalimia kila mtu kwenye kikosi kwa jina. Isipokuwa Nyemo, naye hakudai salamu.

Siku ya ishirini na tano mawingu yalijikusanya mashariki, mazito, ya rangi ya zambarau, siku moja mapema kuliko yalivyotabiriwa. Zilikuwa zimebaki mita mia nne.

"Ikinyesha lami haijashika, yote inachukuliwa!" Perusi alipaza sauti. "Bomba la pili liko wapi?"

Bomba la pili lilikuwa limeziba. Nyemo alilifungua kwa mikono, akalizibua kwa waya, akalirudisha, na mara watu wa Chigomba wakawa barabarani bila kuitwa, wenye mafagio na wenye masepetu, wakitawanya mchanga mbele ya shindilia. Mita mia tatu. Mia moja na hamsini. Upepo ulianza kuleta harufu ya mvua. Katikati ya vumbi Nyemo aliona kwamba anayefagia pembeni yake, khanga akiwa ameikaza kiunoni, ni Melania. Walikwenda sambamba, mmoja akifagia ufa, mwingine akiujaza, mpaka mbele yao hapakuwa na lami tena bali uwanja wa shule.

Shindilia ilipita mara ya mwisho. Lami ilipata saa moja na nusu ya kushika. Kisha mvua ikaanguka.

Ilianguka kama inavyoanguka nyikani, yote kwa wakati mmoja, kwa kishindo kilichozima sauti za watu. Hakuna aliyekimbilia ndani. Kijiji kizima kilisimama kwenye ukingo wa barabara, kimelowa chepechepe, kikitazama chini. Maji yalipiga juu ya lami mpya, yakarukaruka, yakatafuta mahali pa kuingia. Hayakupata. Yakaanza kutiririka, kwanza nyuzi nyembamba, halafu shuka moja pana linalong'aa, yakamwagika kwenye mitaro ya kulia na kushoto na kwenda zake kunakostahili.

Perusi alipiga magoti, akaweka kiganja barabarani, akakitazama. Akaanza kucheka, kicheko cha tumbo, mpaka watu wakambeba juujuu wakizunguka naye kwenye mvua huku akipiga kelele wamshushe, ana miaka hamsini na nane.

Nyemo alikuwa amesimama pembeni na bomba tupu mkononi, akilia bila kujificha kwa kuwa mvua ilimficha. Alihisi mtu amesimama karibu naye.

"Itadumu?" Melania aliuliza.

"Miaka kumi na miwili, mwalimu. Ikitunzwa, zaidi."

Melania alitazama maji yakikimbia. Alitazama watoto wanaoteleza kwa matumbo juu ya lami, ambao wengi wao walikuwa wamezaliwa baada ya barabara kufungwa. Kisha akalitwaa lile bomba kutoka mikononi mwa Nyemo, akaliweka chini, akaushika mkono wake wenye sugu.

"Nimepika," alisema. "Twende ndani ukale kabla hakijapoa."